MAMA, NANI ANAHESABU NYENDO ZAKO NDANI YA SIMU?

Katika semina za akina mama tunazosaidia kuziendesha makanisani, swali moja limekuwa likirudi tena na tena: "Je, ni kweli simu inatusikiliza?" Mama mmoja husema alizungumza na dada yake juu ya maziwa ya mtoto, na jioni ile ile tangazo la maziwa ya mtoto likatokea. Mwingine alikuwa anawaza tu kununua cherehani, hajamwambia hata mumewe, na cherehani ikaja. Wengine husema moja kwa moja kwamba hiyo ni kazi ya shetani. Sisi huwajibu kwamba tusimsingizie shetani kazi inayofanywa na binadamu wenye mishahara.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, kule Boston, Marekani, walizichunguza programu za simu zaidi ya 17,000 ili kuona kama zinafungua kinasa sauti cha simu kwa siri. Hawakupata ushahidi wa jambo hilo. Walichokipata ni kingine: kulikuwa na programu zinazopiga picha za kioo cha simu wakati mtu anaitumia, na kuzipeleka kwa kampuni nyingine ambayo mwenye simu hajawahi hata kuisikia jina. Kwa hiyo jibu letu ni kwamba simu haina haja ya kukusikiliza. Inakutazama vidole.

NI NINI KINACHOANDIKWA?

Sisi tuliofundishwa uuguzi tunalielewa jambo hili upesi, kwa sababu linafanana na chati ya wodini. Mgonjwa anaweza kumwambia daktari asubuhi kwamba amelala vizuri, lakini chati ya usiku inasema aliamka mara nne, joto lilipanda saa nane, na maji aliyopewa hakuyamaliza. Hakuna aliyemhoji. Tumemtazama tu, tukaandika kila tukio na saa yake.

Tovuti na programu za simu hufanya vivyo hivyo. Kila unapobonyeza, tukio moja linaandikwa: jina la tukio, saa, na namba inayoitambulisha simu yako. Umefungua ukurasa wa vitenge saa tatu usiku. Umesoma hadi katikati ukaacha. Picha ya gauni la bluu umeikuza kwa vidole viwili. Umeanza kujaza fomu ya kununua, ukafika kwenye gharama ya kusafirisha, ukatoka. Hukununua kitu wala hukuandika neno, lakini wenye duka wameshajua gauni gani unalipenda na mahali gani mfuko wako ulikataa. Ziko hata picha zinazotengenezwa kwa kujumlisha vidole vya maelfu ya watu, ambamo sehemu zinazoguswa sana huonekana nyekundu kama kaa la moto, na zile zisizoguswa hubaki na rangi ya baridi.

Watakujuaje ukirudi kesho? Mwaka 1994 kijana mmoja wa kampuni ya Netscape, Lou Montulli, alibuni kikaratasi kidogo kisichoonekana ambacho tovuti hukiacha ndani ya kompyuta yako, na ukirudi hukisoma. Kwa Kiswahili siku hizi huitwa kuki au kidakuzi. Kazi yake ni kama ile namba ya kadi ya kliniki: muuguzi wa zamu nyingine hakujui sura, lakini akiiona namba anafungua kitabu na kukuta habari zako zote. Simu nazo zina namba ya namna hiyo kwa ajili ya matangazo. Tatizo la namba hii ni kwamba duka la vitenge, gazeti unalolisoma na mchezo wa mtoto wako vinaweza kuiona namba ile ile, na mtu aliye katikati akaviunganisha vitabu vitatu kuwa kimoja.

KUHESABU SI DHAMBI

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Kuhesabu kuna faida kubwa, na sisi wenyewe tunaishi kwa kuhesabu. Kila muuguzi wa Tanzania anavijua vitabu vya MTUHA, jinsi vinavyochosha mkono mwisho wa mwezi. Lakini vitabu hivyo ndivyo vinavyotuonyesha kwamba akina mama walioanza kliniki ya wajawazito walikuwa wengi, na waliorudi hudhurio la pili ni wachache. Usingehesabu usingejua kuna watu wanapotea.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo wengi hukosea, wa hospitali na wa kompyuta pia. Namba inakuambia mama hakurudi. Haikuambii kwa nini. Mtu wa ofisini anaweza kuitazama akaamua kwamba akina mama ni wavivu, au hawana elimu, kisha akaagiza mabango zaidi ya kuwaelimisha. Lakini ukienda kukaa nao kwenye benchi, ukauliza kwa upole, unasikia mengine kabisa. Mmoja aliambiwa aje na mumewe, na mume yuko machimboni. Wa pili nauli ya bodaboda ilimshinda, na pembeni yake yuko aliyesemeshwa vibaya mbele ya watu akaapa kutokurudi. Hakuna bango litakalowasaidia hao.

Watengenezaji wa programu walio makini wanalijua hilo. Wanapoona kwamba watu wanaacha fomu mahali fulani, huwaita watu wachache, huwapa simu, na kuwatazama wanavyohangaika. Ndipo hugundua kwamba maandishi ni madogo mno, au kwamba fomu inadai barua pepe na mama hana. Wengine hupenda kujaribu: nusu ya watu wanaonyeshwa kitufe cha rangi hii, nusu ya pili rangi ile, na kinachobonyezwa zaidi ndicho kinachobaki. Mwaka 2009 mchoraji mmoja aliyeacha kazi Google alieleza hadharani kwamba timu moja ilishindwa kuamua kati ya rangi mbili za bluu, ikaamua kujaribu bluu 41 ili kuona ipi inashinda. Sisi wenye kuchagua sare za kwaya tungemaliza jambo hilo kwa kikao kimoja, ingawa labda tungegombana kidogo.

Hapa kwetu Tanzania, huduma ya ujumbe mfupi ya Wazazi Nipendeni ilianzishwa mwaka 2012. Mama alijiandikisha bure kwa kutuma neno kwenye namba 15001, akaeleza mimba ina muda gani, na ujumbe ukamfikia kulingana na wiki aliyopo. Alitoa habari yake, naye akapata mawaidha yake. Makubaliano yalikuwa wazi, hakuna aliyechungulia.

SEKUNDE ZAKO NI MALI

Wapo wanaohesabu ili wakuhudumie, na wapo wanaohesabu ili wakushike. Mwaka 2012 YouTube iliacha kutegemea idadi ya watu waliofungua video, ikaanza kuzipandisha zile zinazotazamwa kwa muda mrefu. Mwaka 2015 Facebook nayo ilitangaza kwamba hata usipobonyeza kupenda, ukikaa sana kwenye habari moja huo muda unahesabiwa, nawe utaletewa zinazofanana nayo. Maana yake ni kwamba mama aliyesimama kidogo kwenye picha ya ajali kwa sababu ya huruma ataletewa ajali nyingine kesho. Mashine haijui huruma. Inajua sekunde.

Na ule ukurasa usio na mwisho, ambao ukivuta kidole chini unaendelea tu kuleta mambo? Mmoja wa waliobuni mtindo huo mwaka 2006 ni Aza Raskin, na baadaye alisema waziwazi kwamba anajuta. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na sinia la pilau lina sufuria tupu. Huku hakuna kituo cha kumwambia mtu sasa yatosha, na ndiyo maana mama anaingia kitandani saa nne akidhani atatazama dakika tano, akija kushtuka ni saa saba na kesho ana zamu ya asubuhi.

Watoto wetu hawakuachwa. Mwaka 2019 YouTube na kampuni mama Google walikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani kwa sababu ya kukusanya habari za watoto wadogo bila idhini ya wazazi ili wawalenge kwa matangazo. Mama anayempa mtoto simu atulie wakati yeye anapika, ajue kwamba mtoto naye anaandikiwa chati. Na kwa kuwa simu ni ya mama, chati zinachanganyika: ndiyo sababu mashemasi wengine hushangaa kuletewa katuni katikati ya mahubiri.

SIRI ZA MWILI WA MWANAMKE

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Wanawake wengi, wakiwamo mabinti zetu, hutumia programu za kuhesabu siku za hedhi na kufuatilia mimba. Ni vyombo vyenye msaada. Zamani tuliweka alama kwenye kalenda ya ukutani, na kila mgeni aliyeingia sebuleni aliweza kujiuliza zile alama ni za nini.

Programu mojawapo inayojulikana sana duniani inaitwa Flo, na inapatikana hata kwenye simu za hapa kwetu. Iliwaahidi wanawake kwamba habari zao za afya zitakuwa siri. Mwezi Februari 2019 gazeti la Wall Street Journal likafichua kwamba programu hiyo ilikuwa ikipeleka habari kwa Facebook. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikamalizana na kampuni hiyo kwa masharti, miongoni mwake kwamba isitoe habari za afya bila idhini ya mwenyewe, na kwamba iwajulishe wanawake yaliyotokea. Mwezi Agosti 2025 baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco likaamua kwamba Meta, wenye Facebook, nao walivunja sheria ya California ya usiri kwa kuzipokea habari hizo.

Tazama ilivyotokea, maana ndani yake kuna somo. Hakuna aliyekaa chini akaandika barua kwamba mama fulani ni mjamzito. Waliotengeneza programu waliweka ndani yake chombo cha kuhesabu kilichotengenezwa na kampuni nyingine, kama tovuti na programu nyingi zinavyofanya, ili wajue watu wanabonyeza wapi. Kisha wakayapa matukio majina yanayoeleweka. Mwanamke alipochagua wiki ya ujauzito, tukio likaandikwa kwa jina lenye maana hiyo hiyo, likasafiri kwenda kwa mwenye chombo. Kwa mtengenezaji ni hesabu ya vidole tu. Kwa mwanamke ni habari ambayo labda mama mkwe bado hajaambiwa.

Katika uuguzi tumefundishwa kwamba siri ya mgonjwa haivunjwi kwa mdomo peke yake. Ukiacha faili wazi mezani umevunja. Ukiita kwa sauti kubwa, "Wa kliniki ya dawa za kila mwezi upande huu," umevunja, hata kama hukutaja ugonjwa. Watengenezaji wa programu wangekaa nasi mwezi mmoja kliniki wangejifunza mengi.

Yupo mwanamke mwingine ambaye habari yake hatuwezi kuisahau. Gillian Brockell, mwandishi wa gazeti la Washington Post, alijifungua mtoto mfu mwaka 2018, na mwezi Desemba mwaka huo akaandika barua ya wazi kwa kampuni za mitandao. Alisema hivi, kwa maneno yetu: ninyi mliijua mimba yangu, kwa sababu nilibonyeza matangazo ya nguo za wajawazito na niliweka picha za tumbo langu. Mbona basi hamkuona nilipotafuta habari za mtoto asiyecheza tumboni? Hamkuona kimya changu cha siku tatu, mimi nisiyenyamaza mtandaoni? Hamkuona tangazo langu la msiba, na machozi ya rafiki zangu chini yake?

Matangazo ya vitu vya mtoto yaliendelea kumjia. Alipobonyeza kwamba hataki kuliona tangazo, akaulizwa sababu, akajibu kwamba halimhusu. Mashine ikaamua kwamba basi atakuwa ameshajifungua salama. Ikaanza kumletea sidiria za kunyonyeshea na vigari vya kumsukumia mtoto.

Tuliohudumu wodi ya wazazi tunaijua siku ile. Maziwa yanajaa siku ya tatu kama kawaida, mwili haujui kwamba hakuna wa kunyonya. Mama amelala anatazama ukuta, na kitanda cha jirani kichanga kinalia. Muuguzi mwenye akili humhamishia kitanda cha pembeni bila kusubiri kuagizwa na mtu. Mashine ilikuwa na habari nyingi kuliko muuguzi huyo, ikashindwa kufanya hata hilo, kwa sababu ilihesabu alichobonyeza na haikujua alichokuwa akilia.

Biblia ina hesabu za namna nyingi. Daudi aliwahesabu watu wake na ikawa kosa kubwa, ingawa Mungu mwenyewe alikuwa amemwagiza Musa kuwahesabu Waisraeli jangwani. Na yule mchungaji wa kondoo mia, angejuaje kwamba mmoja amepotea kama hakuwahesabu jioni? Lakini tuone alichofanya baada ya kuhesabu. Alitoka kwenda porini kumtafuta. Daudi yeye alitaka kujua ana panga ngapi. Katika mafundisho ya akina mama tumekuwa tukiitumia mifano hii miwili kuwauliza wenzetu: programu hii uliyonayo, inakuhesabu kama yupi kati ya hao?

MIKOPO YA SIMU

Kwa programu za mikopo jibu si gumu. Mama anapungukiwa ada ya shule, anapakua programu, na kabla ya kupewa hata shilingi anaombwa ruhusa ya kusoma orodha ya namba zake, ujumbe wake na mahali alipo. Anabonyeza "ruhusu" kwa haraka kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani. Siku ya kuchelewa kulipa ikifika, mchungaji, wifi na mwenyekiti wa kikoba wanapigiwa simu na watu wasiowajua. Ndiyo mikopo ya kausha damu iliyohamia kwenye simu.

Serikali zimeanza kuchukua hatua. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Kenya, mwezi Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kampuni moja yenye programu za mikopo, kwa kutumia namba za watu na kuwatisha. Wakati huo huo shule moja ilitozwa zaidi ya milioni 4 na nusu kwa kuweka picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi. Walimu wa Shule ya Jumapili nao walisome hilo taratibu. Sheria yetu Tanzania ni ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Wakenya wana sheria yao ya mwaka 2019.

Lakini kabla ya kufika kwa Tume, anza na simu yako. Fungua Mipangilio, tafuta mahali pa ruhusa, utazame ni programu ipi inaruhusiwa kusoma namba, kujua mahali ulipo na kutumia kamera. Tochi haina haja ya namba za watu. Mchezo wa mtoto hauna haja ya kujua unakaa mtaa gani. Ondoa. Kwenye simu nyingi za Android za miaka ya karibuni unaweza kuifuta ile namba ya matangazo, na kwenye iPhone tangu mwaka 2021 programu inalazimika kukuomba kabla ya kukufuatilia katika programu nyingine. Nawe una haki ya kukataa. Programu ya hedhi isome kwanza masharti yake, na usiiandikie jina lako la ubatizo na la ukoo pasipo sababu. Programu uliyoacha kuitumia, omba kwanza akaunti ifutwe, ndipo uitoe kwenye simu, kwa maana kuitoa peke yake hakufuti kilichokwisha kupelekwa.

Na tuna ombi moja kwa kamati za akina mama zinazotembelea wagonjwa. Mama anapopoteza mimba au mtoto, huwa tunapeleka uji, tunafua, tunaomba pamoja naye. Siku hizi tumeongeza kazi nyingine. Dada mmoja anayejua simu hukaa naye na kumwuliza kama angependa. Akikubali, programu ya mimba huambiwa kwamba mimba haipo tena, au hufutwa kabisa. Ujumbe wa kliniki husimamishwa. Na kwenye mipangilio ya matangazo ya Facebook na ya Google huchaguliwa kupunguziwa yanayohusu ujauzito na malezi. Ni kazi ya nusu saa hivi. Ni vizuri ifanyike kabla hajatoka wodini, na simu arudishiwe mkononi mwake mwenyewe, si kwa mume wala kwa mama mkwe.